Kinu cha Mama Mkwe Chini ya Gari

Haya yalimpata shoga yangu Chausiku, Temeke, enzi za Mwingereza. Mumewe, Shomari, alikuwa akitengeneza teksi yake uani, magharibi inaingia. Aliiinua kwa jeki, lakini mchanga ule humeza jeki, na mtu mwenye akili haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Basi Chausiku akakikokota kinu cha marehemu mama mkwe, akakifudikiza, mdomo chini, kikabeba ekseli.

"We Chausiku! Kinu cha marehemu hakifudikizwi!" Jirani yake Mwanakombo akapiga kelele ng'ambo ya ua.

"Basi mwenyewe aje alishike gari!"

Shomari akaingia chini, ikabaki miguu tu nje. Punde gizani mle ukasikika mchi: du, du, du.

"Mke wangu, acha kutwanga, gari linatikisika!"

Mikono ya Chausiku ilikuwa mitupu. "Mama," akasema kwa sauti, "twanga utakavyo, lakini mume wangu sikupi!" Akamkamata Shomari miguu, akamvuta mpaka nje.

Asubuhi wakaliinua gari, wakakiondoa kinu. Mchangani, pale mdomo wake ulipokuwa, palikuwa na lundo la unga mweupe, bado una joto.