Makomeo Matano

Kila asubuhi fundi kufuli alitoka nyumbani, akasimama nje ya mlango wake na kutega sikio. Ndani, mkewe alikuwa akifunga. Komeo la kwanza. La pili. La tatu. La nne. La tano. Hapo fundi alibeba mkoba wake wa vifaa na kwenda kazini, roho imetulia.

Komeo la kwanza lilikuja na nyumba. Manne mengine fundi aliyaweka mwenyewe, ndani ya miezi saba.

Mambo yalianzia sokoni. Mkewe ni mshona nguo. Siku hiyo alikuwa akichagua vifungo, mara moyo ukaanza kumwenda mbio. Mikono ikatoka jasho, pumzi zikambana, akaona anakufa. Hospitali walimpima, wakasema moyo wake ni mzima. Lakini tangu hapo aliogopa soko. Kisha akaogopa kituo cha basi. Mwishowe akaogopa hata geti. Kila aliposema ana hofu, fundi alichukua bisibisi na kuongeza komeo. Mtu mwingine angemuuliza mkewe anaogopa nini. Yeye alikuwa fundi kufuli.

Sasa binti yao wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikaa mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi.

"Mama, utakuja nikijifungua?" aliuliza kila alipopiga simu.

"Tutaona, mwanangu," mama alijibu, kisha akalia peke yake.

Ijumaa moja mchana, fundi alirudi nyumbani kuchukua patasi aliyoisahau. Alipopita dirishani, alisikia sauti ya mwanamume ndani.

"Sogea taratibu. Usikimbie. Niko hapa na wewe."

Akamsikia mkewe akihema.

"Umeweza," ile sauti ilisema. "Kesho saa nane tukutane tena."

Damu ilimchemka fundi. Aligonga mlango kwa ngumi. Mkewe akaanza kufungua. Komeo la kwanza, la pili, la tatu... Kwa mara ya kwanza fundi aliona makomeo matano ni mengi mno. Mtu angeweza kutoroka mara tatu. Alipoingia, alichungulia nyuma ya kabati, kisha chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?" mkewe aliuliza.

"Patasi."

"Chini ya kitanda?"

Fundi aliinuka. Mezani aliona kompyuta ya jirani yao, nesi wa zahanati. Ilikuwa imefungwa. Akazidi kushuku.

Kesho yake alifunga kibanda chake mapema. Saa nane kamili alikuwa amekaa sebuleni, mikono kifuani. Nesi alikuwepo, na kompyuta ilikuwa wazi.

"Karibu, shemeji," nesi alisema. "Hili ni kongamano la afya ya akili. Watu wanakutana kwenye ukumbi ulioundwa ndani ya kompyuta. Kila mtu anachagua umbo lake. Yule mwenye gauni la kijani ni mkeo."

Fundi alikodoa macho. "Na yule mwenye kichwa cha sungura?"

"Ni mgonjwa mwenzake. Anaona haya kuonyesha sura yake."

"Mtu mzima anajificha kwenye sungura, halafu nimwamini?"

"Wewe sikiliza tu, shemeji."

Umbo la mkewe liliingia kwenye soko la kuigiza, lenye watu na makelele. Mkewe, pale kitini, alianza kutoka jasho. Fundi alitaka kuifunga kompyuta. Nesi alimshika mkono.

"Vuta pumzi taratibu," ilisema ile sauti ya jana. Alikuwa mtaalamu wa kongamano. "Itoe taratibu zaidi. Hofu inapanda, inafika juu, kisha inashuka yenyewe. Inatisha, lakini haikuui. Ukikimbia kabla haijashuka, mwili unaamini kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho inarudi kubwa zaidi."

Baada ya dakika chache mkewe alipumua vizuri. Mtaalamu akamuuliza, "Nyumbani kuna kitu kinachokusaidia kuikwepa hofu?"

Mkewe aligeuka kuutazama mlango. Kisha akasema polepole, "Makomeo. Mume wangu ananiwekea kwa sababu ananipenda. Lakini kila nikisikia anafunga skrubu, najiambia kwamba hata yeye ameona hatari huko nje."

Fundi alimgeukia nesi. "Kwa hiyo mimi ndiye mbaya?"

"Hapana, shemeji," nesi alisema. "Ulisaidia kwa unachokijua. Sasa umejua na hili."

Fundi alitoka bila kuaga. Alirudi na bisibisi, akainama mlangoni.

"Usitoe yote," mkewe alisema.

"Wewe ndiye utakayesema ni lipi na ni lini."

Mkewe alilitazama lile la tano. "Hilo."

Komeo moja lilitoka kila wiki. Mkewe alienda zahanati kuzungumza na mshauri, nesi akimsindikiza. Alienda hadi getini, akasimama pale mpaka hofu ikashuka. Kisha dukani, kisha kituoni. Siku moja hofu ilimzidi akarudi mbio nyumbani. Kesho yake alijaribu tena.

Wiki ya tano, mkwe wao alipiga simu. Uchungu umeanza. Mkewe alipanda basi peke yake.

Fundi alirudi nyumbani kutoka kituoni, akakaa. Mara moyo wake ukaanza kumwenda mbio. Je, basi limefika? Je, hofu imemshika njiani? Mkono wake ulienda wenyewe kwenye lile komeo moja lililobaki. Akauondoa. Alivuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu zaidi, kama alivyofundishwa mkewe.

Jioni simu iliita.

"Babu," mkewe alisema, "hebu sikiliza."

Fundi alitega sikio. Mtoto alikuwa akilia.