Aliyegonga Mlango wa Bati

Komeo la mlango lilikuwa likiuma. Joyeuse ndiye aliyelihisi kwanza, siku chache tu baada ya kuhamia chumba kile cha Butembo. Mama yake, Kyakimwa, akaligusa, akasikia kitu kikimtambaa hadi kwenye kiwiko, akaondoa mkono. Tangu walipokimbia vita kutoka Mavivi wakimwacha mumewe huko bila hata kaburi, hakuna jambo lililomstaajabisha tena. Aliuza samaki wa ziwani Kyavinyonge sokoni, akarudi, akapika, akalala. Binti huyo ndiye pekee aliyembakia.

Vyumba vilikuwa vya mstari, vyote na milango ya bati, na waya wa umeme ulikuwa umelazwa tu juu ya paa kama kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba, papa Éliakim, alikaa Beni akinunua kakao. Butembo alikuja kuchukua kodi, basi.

Mvua zilipoanza, akaja mgongaji. Mawingu yakitanda tu, kitu kiligonga ndani ya bati lenyewe la mlango, polepole, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Hulda, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja mbio.

"Usiguse mulango, mama Joyeuse," alinong'ona. "Ni Kasonia. Alikuwa anakaa mu hii chumba yako. Mvua ilinyesha, akashika mulango, akafia palepale. Bailleur, papa Éliakim, akasema ni bulozi, ati alilogwa."

"Na sasa anatafuta nini?"

"Sijue. Lakini akigonga, courant ya waya iko mu bati. Akinyamaza, unaweza kushika."

Basi wakamzoea. Joyeuse akamwita tonton, kama mjomba wake. Akimsikia, alipanda kitandani akangoja anyamaze. Kyakimwa alimwogopa, ndiyo, ila kwa mbali, kama anayesikia redio ya nyumba nyingine. Hata hivyo alimpigia mwenye nyumba simu.

"Papa Éliakim, utume électricien atengeneze waya. Courant iko mu mulango."

"Ile hapana courant, mama. Ni pepo. Nitaleta batu ba maombi."

Pepo lilimfaa sana mzee yule. Waya mbovu una mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Pepo haliulizwi nani alilifunga.

Akaja kweli, asubuhi yenye jua, pamoja na maman Florentine, mwanamke wa chumba cha maombi ambaye sifa zake zilifika hadi Beni. Wapangaji wakakusanywa uani. Wakaimba, wakakemea, wakapaka mafuta milango yote, na sauti zilipopanda harufu ile ya nywele ikatoka chumbani kwa Kyakimwa ikapita katikati ya watu, ikamfikia Hulda aliyekuwa amefumba macho akiomba kama wengine, naye akaanguka magotini, kidevu kikicheza, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume ambayo wapangaji wa zamani waliitambua kabla hajajitaja.

"Jina yako ni nani?" Florentine aliuliza.

"Kasonia."

"Unatafuta nini mu nyumba ya batu?"

"Bakate waya. Kule juu imechunika, inagusa mabati. Nilimuambia papa Éliakim nikingali muzima. Nagonga kuonya, juu batoto basikufe."

Kyakimwa akamtazama mwenye nyumba. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mumusikilize," Kyakimwa alisema.

"Pepo ni muongo, mama," Florentine akajibu kwa upole. "Tunaiuliza jina, tunaiuliza inataka nini, lakini kile inataka, hatukifanye hata kidogo."

"Amen," alisema Éliakim, kabla ya wote.

Wakamfukuza. Hulda alilia kwa sauti yake mwenyewe, harufu ikaisha, na watu wakapeana mikono.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilimkuta Kyakimwa njiani kutoka sokoni, akakimbia na beseni lake kichwani, maji yakishuka kilima pamoja naye, na alipoingia uani aliona maji yamekwisha kupita chini ya mlango, akakumbuka kwamba Joyeuse yuko ndani, amerudi kutoka shuleni, amejifungia, miguu mitupu, na mtoto naye alikwisha kuzisikia hatua za mama yake.

"Joyeuse! Usiguse mulango! Ungoje mvua iishe!"

"Lakini mama," mtoto akajibu kutoka ndani, "tonton hajagonga."

Akashika komeo.

Walimzika kesho yake. Watu walimsifu Kyakimwa kwa uvumilivu, lakini haukuwa uvumilivu. Alitafuta kilio ndani yake akakikosa, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote kilichowahi kugonga mlangoni pake. Hulda akamchukua kwake.

Siku moja akiwa kwenye baraza la Hulda alimwona Éliakim akiingia uani na mpangaji mpya, mama kijana aitwaye Providence, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mawingu yalikuwa yameshuka. Kyakimwa alitaka kusema kitu, mdomo haukufunguka.

"Chumba iko safi, mama," Éliakim alikuwa akisema. "Tuliiombea mara mbili."

Kisha akaokota kijiti kikavu, akausukuma mlango nacho.