Gunia la Dagaa na Hisa za Telesphory

Kila asubuhi Eufrasia hushuka ufukweni Katonga kununua dagaa. Hanunui gunia kwa kutazama juu. Hutandika jamvi, kisha humwambia muuzaji, "Mwaga." Wauzaji hununa. Yeye hajali, maana wapo wanaopanga dagaa weupe juu na kuficha mchanga chini. Ni mumewe, Telesphory, aliyemfundisha hivyo.

Siku moja alirudi nyumbani Kasingirima akamkuta Telesphory na fomu mezani.

"Nanunua hisa za Kampuni ya Mwambao," alisema Telesphory. "Nitakuwa mmoja wa wenye kampuni. Faida ikipatikana, nagawiwa."

"Kwa hela ipi?"

"Ya mabati."

Eufrasia alibwaga ndoo chini. Hela ile waliikusanya miaka minne. Mabati ya zamani yalikuwa yametoboka kwa kutu, na mvua ilikuwa karibu. Mvua ikinyesha, watoto huhamisha mkeka kona hadi kona.

"Hesabu za kampuni umeziona?"

"Malori yake sita yanapita Kidahwe kila siku, yakipeleka unga na maharage kwenye kambi ya wakimbizi. Mapya kabisa. Unataka hesabu gani tena?"

"Gunia la laki moja unalimwaga," alisema Eufrasia. "Kampuni unayoipa paa la wanangu unaitazama rangi ya malori. Una akili kweli wewe?"

Telesphory aliikunja fomu. Kesho yake walikwenda wote kwa Gervasi, wakala wa kuuza hisa, wakaomba hesabu za kampuni. Gervasi alicheka.

"Mama, hesabu ni za wasomi. Lipeni tu. Mwisho ni Ijumaa."

Inaudhi, jamani. Mtu anaitaka hela yako, lakini hataki usome. Eufrasia alikaa kwenye kiti akasema haondoki. Kufika saa sita mchana, Gervasi alimtupia kijitabu cha hesabu.

Wakakipeleka kwa jirani yao, Mama Lyse. Kabla ya kukimbia vita alikuwa mhasibu Bujumbura. Sasa anatunza hesabu za parokia.

"Tusianze na mauzo," alisema. "Mauzo ndiyo dagaa wa juu. Tazameni faida. Mwaka juzi milioni themanini. Mwaka jana thelathini. Mwaka huu hasara."

"Lakini wana malori," alisema Telesphory.

"Oya, hapana. Hapa kwenye madeni, malori yote ni mkopo wa benki. Kampuni inadaiwa kuliko thamani ya mali zake zote. Na hela taslimu iliyopo haitoshi marejesho ya miezi miwili. Mkaguzi wa nje mwenyewe ameandika kwamba ana shaka kama itaendelea."

Alifungua ukurasa wa mwisho, na sauti yake ikabadilika.

"Hapa ndipo panaponiudhi. Karibu mauzo yote ni kambini, na kambi inafungwa. Kaka yangu Hatungimana yuko kwenye orodha ya kurudi Burundi mwezi ujao. Malori yatampelekea nani unga?"

Telesphory alishika kichwa.

"Mabasi ya wanaorudi nayaona kila wiki," alisema. "Na malori nayaona. Sikuwaza kwamba ni jambo moja."

Alikasirika sana, kwanza na nafsi yake, kisha na Gervasi. Jioni hiyo alikwenda Katonga akawaeleza wenzake waliotaka kununua hisa hizo. Baadhi walimsikiliza. Wengine walimwita mwoga, wakalipa.

Mwezi wa kumi Telesphory alipaua nyumba kwa mabati mapya. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata benki ilichukua malori yote sita. Waliolipa hawakurudishiwa hata shilingi. Mimi bado nina hasira kwa ajili yao, kwa sababu kijitabu kile kilikuwepo mezani kwa Gervasi siku zote.

Mwezi wa nne Gervasi alibisha hodi kwa Telesphory. Alikuwa na fomu za kampuni nyingine, ya mabasi. Mvua ilikuwa inapiga bati, na watoto walikuwa wamelala palepale walipotandikiwa.

Telesphory alitamani kumtukana. Hakumtukana. Alichukua jamvi la dagaa akalitandika mbele ya mgeni.

"Weka hapa hesabu za miaka mitatu, zilizokaguliwa," alisema. "Faida, madeni, hela taslimu, na wateja wao ni akina nani. Tunasoma mpaka chini."

Gervasi alikuwa na fomu tu. Alizikunja, akatoka nazo mvuani.