Vitabu Vitatu vya Zornitsa

Kitendawili! Amekaa kabatini kimya miaka hamsini, ukimfungua anasema mpaka umchoke. Ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, nimekwenda Plovdiv, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Ni kitabu.

Na kitabu ndicho kilichotuchosha nyumbani kiangazi kile. Mjukuu wangu Zornitsa alikuwa amemaliza darasa la sita. Shule ilimpa orodha ndefu ya vitabu vya likizo. Humo achague riwaya mbili za kihistoria na kumbukumbu moja ya maisha ya mtu. Kila alichosoma akiandike kwenye daftari. Septemba asimame mbele ya darasa aeleze. Mwaka uliotangulia alisimama, akalia, wenzake wakamcheka. Akaapa hatashika tena kitabu.

Mimi nilimchagulia kama tunavyochagua wengi huku kwetu. Nilifungua kabati la sebuleni nikatoa kitabu kinene kuliko vyote, chenye maandishi ya dhahabu. Nilikinunua mwaka wa harusi yangu. Wakati ule tulinunua vitabu kwa kuangalia rangi ya kabati.

"Hiki ndicho cha maana," nilimwambia. "Kurasa ishirini, ndipo utoke nje."

Mimi mwenyewe sikuwahi kukisoma. Nilikifuta vumbi tu.

Jioni moja mwanangu Nevena, mama yake Zornitsa, alirudi kutoka kiwanda cha nguo. Miguu ilikuwa imevimba. Akaitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Umefika wapi?" alimuuliza binti yake.

"Ukurasa wa tisa."

"Jana ulikuwa wa tisa!"

"Na kesho nitakuwa wa tisa. Wameanza kumchoma mtu mkuki, Mama. Nimekifunga."

Nevena akafumba macho. "Basi chukua daftari la binamu yako Yoana, unakili. Sina nguvu ya kugombana."

"Yoana naye alinakili la dada yake."

Nilicheka, ingawa mgongo uliniuma. Tangu asubuhi nilikuwa namenya pilipili hoho za kuchoma.

Kesho yake nilikibeba kile kitabu mpaka maktaba ya kijiji. Bi Rumyana, mkutubi wetu, alinitazama.

"Bibi Gana, leo umeniletea tofali?"

"Nimeleta mzigo, mwanangu. Mtoto hasomi. Mvivu."

"Wewe umekisoma?"

Nikakifuta vumbi kwa kiganja.

"Keti upumzike," akasema. "Usichague kwa unene. Fungua katikati, mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno asilolijua, akunje kidole. Vidole vitano vikiisha, kitabu hicho kingoje mwaka mwingine."

"Na damu je? Tumfiche?"

"Vita havifichiki. Ila kisome wewe kwanza. Tafuta kitabu ambacho ndani yake yumo mtoto wa rika lake, anayeona, anayeogopa, anayeamua. Mkifika mahali pagumu, keti naye."

"Sasa riwaya na kumbukumbu zinatofautianaje? Zote si mambo ya kale?"

"Kwenye riwaya, mwandishi amebuni watu akawaweka katika mambo yaliyotokea kweli. Kwenye kumbukumbu, mtu anasimulia aliyoyapitia mwenyewe. Lakini naye ni jicho moja. Kwa hiyo mwambie mtoto aulize: nani mwingine alikuwepo? Naye angesemaje?"

Kisha akapanga vitabu sita mezani. "Mlete achague mwenyewe."

Zornitsa alikuja akiburuta miguu. Alisoma, akakunja vidole. Kimoja alikisukuma. "Huyu anajisifu kama jogoo!" Mwishowe alichukua vitatu. Cha kumbukumbu kilikuwa chembamba. Kiliandikwa na mwanamke Mturuki wa huku kwetu. Mwaka 1989 alikuwa na miaka kumi na miwili. Serikali ilikuwa imewalazimisha Waturuki kubadili majina yao, na kiangazi kile familia nyingi zikahamia Uturuki.

Sheria ya kurasa ishirini nikaifuta. Nilikisoma kwanza mimi, polepole, kwa miwani ya Nevena. Tulipofika sura ya kuondoka, niliketi naye jikoni. Alisoma kwa sauti jinsi walivyofunga friji juu ya gari, na majirani wakitazama nyuma ya pazia. Ghafla akainua macho.

"Bibi, kina Sevdie, wale Waturuki anaowataja Mama, si walikaa nyumba ile ya pili? Walipoondoka, uliwaaga?"

"Pilipili zinaungua," nikasema, nikainuka. Jiko lilikuwa limezimwa.

Akaliandika swali lake kwenye daftari.

Septemba alisimama mbele ya darasa, akaeleza vitabu vyote vitatu. Hakulia. Wenzake waliuliza maswali mpaka kengele ikalia. Alipata sita, alama ya juu kabisa. Nevena alisikia habari hiyo akatabasamu, kisha akasinzia kitini bila kuvua viatu.

Zornitsa akaketi karibu yangu, akafungua daftari.

"Bi Rumyana alisema tuulize nani mwingine alikuwepo. Hapa pamebaki patupu, Bibi."

Nilikuwa nimechoka. Si kwa kazi ya siku ile tu.

"Sikuwaaga," nikasema. "Sevdie aligonga mlango, alitaka kuniachia ufunguo nimwagilie nyanya zake. Nilimsikia akiniita jina langu. Niliogopa watu wangeniona naye. Nilikaa kimya hapa jikoni, sikumfungulia."