Treni Ipite, Maji Nayo Yapite

Asubuhi ile dobi alikuwa akipuliza makaa ya pasi. Mkewe alianika mashuka ya wateja uani. Mama mkwe alikaa mlangoni, akishona vifungo na kuwatania wapita njia.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na tuta jipya la udongo, refu kama ghorofa. Juu yake ingepita treni ya mwendo kasi. Zamani maji ya mvua yalishuka bondeni bila shida. Sasa tuta lilikuwa limeziba njia.

Mchana mvua ikanyesha. Maji yakagonga tuta, yakarudi, yakaingia ndani. Mashuka safi yakaelea.

"Leo tumefuliwa sisi!" alisema mama mkwe, akiwa amepanda juu ya meza.

Mke alicheka. Dobi hakucheka. Alishika jembe.

"Nakwenda kulibomoa tuta lile!"

"Utafungwa, mume wangu. Ngoja nimwite jirani."

Jirani huyo alikuwa msaidizi wa kisheria. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu haki zao. Alifika na mabuti ya mvua.

"Shemeji, weka jembe chini," alisema. "Jembe litakupeleka mahakamani kama mshtakiwa. Mimi nataka uende kama mlalamikaji."

"Nani atanisikiliza mimi?"

"Sheria yetu inasema hivi. Kabla ya ujenzi mkubwa, athari kwa mazingira zichunguzwe, na wakazi waulizwe. Ninyi mliulizwa?"

"Wapi! Tuliona magreda tu."

"Basi mna kesi. Pigeni picha alama za maji ukutani. Ongeeni na majirani, msiende peke yenu. Wakili nitawatafutia."

Mtaa mzima ukaungana, kesi ikafunguliwa. Mahakamani, wakili wa kampuni ya reli alimgeukia mke wa dobi.

"Kumbe wewe mama hutaki treni?"

"Naitaka sana! Abiria wakishuka, wataleta nguo zao kwangu. Ila treni ipite, na maji nayo yapite."

Watu wakaangua kicheko. Hata jaji alitabasamu.

Jaji alisimamisha kazi ya tuta kwa muda. Aliamuru uchunguzi ufanywe upya, na wakazi wasikilizwe. Wahandisi wakaja uani kwa dobi kuuliza maji yalikuwa yakipita wapi. Mama mkwe aliwaonyesha, huku akiwasifia kofia zao. Kisha tuta likatobolewa, yakawekwa makalavati mapana ya kupitishia maji. Mtu mzima aliweza kupita ndani bila kuinama.

Mvua kubwa iliporudi, watu walitoka na miavuli kutazama. Maji yalifika kwenye tuta, yakaingia kwenye makalavati, yakatokea upande wa pili yakinguruma. Vigelegele vikapigwa. Dobi na mkewe walirukaruka kwenye mvua kama watoto.

Hapo akaja fundi magari wa mtaa wa jirani, suruali imelowa hadi magotini.

"Jamani, na kwetu tuta limeziba maji. Ninyi mlianzaje?"

Dobi alimshika mkono.

"Karibu ndani, ndugu yangu, nikueleze. Hapa kwetu ni pakavu."