Soksi-hai za Bhoke

Nianze kwa kuomba radhi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Bhoke Magesa aliidanganya mashine. Hakuidanganya. Nilikosea mimi, na kosa langu ni la mtu aliyesahau alivyolelewa.

Asubuhi hiyo, kwenye kituo cha lifti ya anga pale Musoma, kipimamguu kilikuwa kikichapa kazi kwa ustadi wa kutisha. Ni pete ya mwanga, pana kama ungo. Unasimama katikati, nayo inapanda kutoka kisiginoni hadi gotini. Kabla hujakohoa imeshajua unene wa mguu, mishipa iliyovimba, hata kovu ulilopata ukiwa darasa la nne. Zamani kazi hiyo waliifanya manesi, kwa futi kama ya fundi cherehani. Siku hizi kituo kizima kimebaki na binadamu mmoja, mfagiaji, naye alikuwa likizo.

Bhoke ni msusi. Miaka thelathini amesimama nyuma ya vichwa vya watu, mpaka mishipa imemtoka miguuni kama mizizi ya mkuyu. Lifti huchukua siku tatu kufika juu, abiria amefungwa kitini, na damu ikituama miguuni huganda. Kwa hiyo hakuna anayepanda bila soksi-hai, yaani soksi za kubana zilizofumwa kwa nyuzi zinazojikaza zenyewe. Bhoke alikuwa hajawahi kuvaa hata zile za kawaida. Lakini huko juu, kwenye kituo cha angani, binti yake, Nyanjura, alikuwa anakaribia kujifungua. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake. Safari hii alikuwa ametuma maneno machache tu: mama, usiniache. Na lifti nyingine ni mwezi ujao.

Wifi yake, Nchagwa, alimsindikiza hadi mlango wa chumba cha vipimo. Soksi zilining'inia ukutani: za kijivu hubana kidogo, za bluu kiasi, nyekundu hubana kwelikweli.

"Wifi, hizo nyekundu ukizivaa utaongea kama kasuku," Nchagwa alisema.

"Niombee, acha maneno."

"Nakuombea huku nacheka. Mungu ananijua."

Mlango ukajifunga. Wakabaki wakitazamana kupitia kioo kizito kisichopitisha sauti.

Sauti tulivu ya mashine ilimuuliza Bhoke kama anavuta sigara, kama ana kisukari, kama amepaka dawa au losheni miguuni. Yote akajibu hapana. Ni kweli kwamba alfajiri Nchagwa alimkalisha kwenye kigoda akamsugua samli, mguu wa kulia mara mbili maana ndio wenye mishipa mingi. Kwetu mtu haendi mbele ya wageni na miguu iliyopauka. Lakini samli si dawa, wala si losheni. Kwetu ni sehemu ya kuvaa.

Pete ikapanda. Mguu wa kulia ukang'aa, mwanga ukateleza. Pete ikarudia, ikatoa namba nyingine kabisa.

"Vipimo havilingani," mashine ilisema. "Chagua mwenyewe. Zimebaki dakika sita."

Bhoke akashika za kijivu, akaziacha. Zikilegea, damu itaganda. Akagusa nyekundu, akaondoa mkono. Zikizidi kubana, mguu utakufa, na soksi-hai hazivuliki mpaka ufike. Zilitengenezwa hivyo baada ya abiria wakaidi kuzivua njiani. Kule nje Nchagwa alikuwa akiinua vidole viwili, za pili, za bluu. Zilikuwa zinaendana na gauni.

Akachukua za bluu.

Kuzivaa kulikuwa kama kumvalisha mbuzi suruali. Akaketi, mkanda ukamfunga, kiti kikamwingiza ndani ya lifti, na soksi zikaamka. Ya kushoto ikatulia. Ya kulia ikateleza kidogo. Nyuzi zikahisi, zikajikaza ili zishike. Ikateleza tena, ikajikaza tena, mwisho ikajikunja chini ya goti kama kamba ya kufungia mzigo.

Ndipo alipoikumbuka samli.

Alibonyeza kitufe cha msaada. Sauti ile ile ikamjibu kwamba soksi yake inafanya kazi vizuri, na haikusema uongo: kila uzi ulifanya ulichofundishwa. Nesi angegusa mguu mara moja tu. Mkono ungeteleza, angecheka, angetafuta kitambaa.

Vidole vya mguu vilianza kufa ganzi. Dirishani alimwona Nchagwa. Akamwonyesha mguu, akafanya ishara ya kufuta, mara moja, mara mbili. Nchagwa akavua kitenge chake begani, akakipunga juu kwa nguvu zote, akidhani anaagwa.

Sakafu ikaanza kutetemeka.

"Wifi," Bhoke alisema polepole, kama vile wako sebuleni, "njoo unifute mguu."