Mawe Saba ya Burnsville

Kilichoibwa kilikuwa mawe. Inspekta Lois Jeptoo aliliandika neno hilo daftarini, akalitazama kwa taadhima anayostahili marehemu.

"Mawe, Mama?"

"Saba, Madame. Ya dhahabu," alisema Mukamana, mjane anayeongoza kwaya ya wahamiaji Wakongo pale mjini Burnsville.

Kabati la kanisa lilikuwa wazi, kufuli zima. Ndani zilibaki karatasi za kampuni changa ya kutafuta dhahabu: ramani, picha ya mlima, na ahadi nyingi kuliko kitabu cha nyimbo. Familia kumi na tisa zilitaka kununua hisa kwa akiba zao za nyumba.

"Nani aliikagua kampuni?"

"Shemeji yangu, Sosthène, mdogo wa marehemu mume wangu. Alichimba dhahabu Kamituga, kwetu, miaka ishirini. Kampuni ilileta mawe manane ya mlima wao. Nilichagua moja mwenyewe, akalisaga, akaliosha, dhahabu ikang'aa. Watu vigelegele! Mimi nikasema yaliyobaki yaende maabara Jumatatu."

"Ulimwambia nani?"

"Yeye tu. Ndiye mwenye ufunguo wa pili." Akashtuka. "Hapana, Madame. Huyo ndiye aliyemzika mume wangu."

Mchana huohuo Sosthène alimfungulia Jeptoo mlango, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa mezani. Mkongo hawezi kula mgeni akimtazama.

"Karibu chakula, Madame," alisema kwa shida.

"Asante, Papa. Ninawe wapi?"

Sosthène alifumba macho. Bafu lilikuwa moja tu.

Ndani ya beseni la kuogea kulikuwa na nyundo iliyovikwa taulo, na karai la mchanga mweusi. Mwizi mwingine angeyatupa mawe mtoni. Mchimbaji hatupi jiwe kabla hajaliosha.

Majibu ya maabara yalikuja Jumatano. Chembe za dhahabu za kwenye mchanga zilikuwa na mikwaruzo ya tupa, tena zimechanganyika na shaba. Dhahabu ya sonara.

"Haikutoka mlimani hii," Jeptoo alimwambia Sosthène kituoni. "Ilitoka wapi?"

Mukamana, aliyeketi kando, alishika kidole chake kitupu.

"Pete yangu ya ndoa," alinong'ona. "Nilikupa uipeleke ikapanuliwe."

"Kampuni ilikulipa?" Jeptoo alimwuliza Sosthène.

"Hata senti. Waliniahidi ofisi kule mjini Golden Valley, jina langu mlangoni: Mhandisi. Miaka minne nadeki ofisi za watu, Madame! Mawe yao hayakuwa na kitu. Nikaikwangua pete kwa tupa, nikayapaka unga wake kwa gundi."

"Ukijua watapoteza nyumba?"

"Nilijua."

"Na karai?"

"Nilikuwa naikusanya pete. Nimrudishie."

Mukamana hakulia. Aliliomba karai. Sheria ilikataza kugusa ushahidi, kwa hiyo Inspekta akakumbuka ghafla kwamba kalamu yake imeanguka chini ya meza, akainama kuitafuta kwa bidii zote za kazi.

Mjane aliliinamisha karai taratibu. Mstari wa dhahabu, mwembamba kama kope, ukang'aa ukingoni.

"Mlangoni wangeandika jina gani, shemeji?" aliuliza. "Lako, au la ndugu yako aliyenivisha hii?"